Hodi ya Mumiani na Mlango wa Mtoto Mnyonge

Katika mila zetu za visiwani nyumba ya mtu haiingiwi ila kwa hodi. Mgeni husimama nje, akaita, akangoja; na asipoitikiwa baada ya mara ya tatu hurejea alikotoka bila ya kinyongo. Ndivyo tulivyofunzwa vyuoni na ndivyo tulivyolelewa majumbani. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuambiwa kwamba adabu hiyo hiyo ya hodi ndiyo kiini cha senema moja ya kutisha iliyotengenezwa nchini Uswidi, inayohusu mumiani na mtoto wa skuli anayeonewa na wenziwe.

Senema hiyo, ambayo jina lake la Kiswidi ni Låt den rätte komma in, yaani Mruhusu Aingie Anayestahiki, ilitoka mwaka 2008. Aliyeiongoza ni Tomas Alfredson, na iliyachukua mambo yake kutoka katika riwaya ya John Ajvide Lindqvist iliyochapishwa mwaka 2004, ambaye ndiye pia aliyeuandika mchezo wenyewe. Mwaka huo huo wa 2008 ilipata tuzo kubwa katika tamasha la Tribeca mjini New York, na mwaka 2010 Wamarekani wakaitengeneza upya kwa Kiingereza na kuihamishia katika mji wa Los Alamos, jimbo la New Mexico.

Hatuandiki haya ili kuitangaza senema hiyo. Ina damu nyingi na mauaji mengi, na kwa hakika si ya kuangaliwa na watoto. Tunaandika kwa sababu ndani yake mna swali linalomhusu kila mzazi, kila mwalimu na kila kiongozi aliyekabidhiwa dhamana ya watoto wa wananchi. Swali lenyewe ni hili: mtoto anayepigwa kila siku, na asiyekuwa na mtu mzima wa kumsikiliza, siku atakayogongewa mlango atamkaribisha nani?

Neno mumiani si geni kwetu. Asili yake ni Kiajemi, na hapo kale lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa utomvu iliyouzwa katika mwambao huu. Baadaye watu wakaamini kwamba dawa hiyo imetokana na damu ya binadamu, na jina likahamia kwa wale waliodhaniwa kuitafuta damu hiyo usiku. Zama za ukoloni, katika miji kama Nairobi na Kampala, wananchi waliwanong'ona wazimamoto wa serikali kuwa ndio wanyonya damu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, ameonyesha kwamba uvumi wa namna hiyo haufai kudharauliwa, kwani unatufahamisha jinsi wananchi walivyouona utawala uliokuwa juu yao. Kwa maneno mengine, hadithi ya mumiani aghalabu huwa na jambo jingine chini yake.

Mumiani wa Ulaya ana tofauti kidogo na wetu. Yeye ni kiumbe aliyekufa asife, haoni jua, na huishi kwa damu ya walio hai. Lakini ana sharti moja ambalo wasomaji wa huko wamelijua tangu riwaya ya Dracula ya Bram Stoker ya mwaka 1897: hawezi kuingia katika nyumba ya mtu mpaka akaribishwe na aliyemo ndani. Senema tunayoizungumzia imelichukua sharti hilo na kulitia katika maisha ya mtoto wa miaka 12.

Mtoto huyo ni Oskar. Anaishi na mama yake Blackeberg, kitongoji kilichoko magharibi ya jiji la Stockholm, chenye majumba ya ghorofa yaliyojengwa zaidi katika miaka ya 1950 kwa ajili ya familia za watu wa kawaida. Msomaji wetu akitaka kuyapigia picha na ayafikirie ya Michenzani, kisha ayafunike kwa theluji. Mwandishi Lindqvist amekulia hapo hapo. Wakati ni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazazi wa Oskar wameachana. Baba yuko mashamba, ni mtu mwema anapokuwa peke yake na mwanawe, lakini akitembelewa na rafiki na chupa ikiwekwa mezani, mtoto husahauliwa. Mama anampenda mwanawe, ila kazi inamshughulisha. Hakuna njaa katika nyumba hiyo. Kuna kitanda, kuna chakula, kuna nguo za baridi, kuna skuli isiyodai ada. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia.

Na la kuambiwa lipo. Skulini yuko kijana aitwaye Conny, mwenye wafuasi wawili, ambaye kazi yake ni kumdhalilisha Oskar. Humwita nguruwe na kumlazimisha alie kama nguruwe. Siku moja wanampiga kwa fimbo nyembamba miguuni, kisha usoni, mpaka shavu linachanika. Mmoja wa wafuasi hao anasitasita, lakini anatii, maana anajua asipopiga zamu yake itafika. Jioni mama anauliza jeraha limetoka wapi. Oskar anajibu kwamba alianguka wakati wa mapumziko. Mama anasikitika, na mambo yanakwisha hapo.

Tunaomba wasomaji wetu walishike jibu hilo la "nilianguka". Hakuna mtoto anayelijibu kwa sababu ya kupenda uongo. Hulijibu kwa sababu ameshapima akaona kwamba kusema ukweli kutamletea moja katika mambo mawili: ama mama atakwenda skuli kwa hasira na kipigo kitaongezeka, ama ataambiwa yeye ni mwanamume na ajitetee. Kwa hiyo hunyamaza, na anaponyamaza ubaya hauondoki bali huhamia ndani yake. Oskar anakusanya vipande vya magazeti vyenye habari za mauaji. Ana kisu. Usiku hutoka uani akauchoma mti kwa kisu hicho, huku akiyasema maneno yale yale anayotukanwa nayo na Conny. Mwonewa amekwisha kujifunza lugha ya mwoneaji. Anangoja tu mtu wa kumtamkia.

Hapo ndipo anapotokea Eli, jirani mpya wa mlango wa pili, aonekanaye kuwa mtoto wa miaka 12 lakini ambaye, kama anavyosema mwenyewe, amekuwa wa umri huo kwa muda mrefu sana. Eli hatoki mchana, hasikii baridi, na damu inayomwagika mitaani inamhusu. Lakini ndiye mtu wa kwanza kumwuliza Oskar kuhusu jeraha lake na kutokubali jibu jepesi. Anamshauri arudishe kipigo, tena kwa nguvu, na kumwahidi kwamba wakizidi atamsaidia. Wanafundishana kuzungumza kwa kugonga ukuta kwa alama za Morse, mmoja upande huu na mwengine upande ule. Katika kitongoji kizima chenye walimu, wazazi na polisi, anayelijua jeraha la mtoto huyu ni mumiani.

Siku Eli anapobisha hodi kwa Oskar, mtoto, kwa kutaka kujaribu au kwa uchungu, anakataa kutamka neno la kukaribisha. Eli anaingia vivyo hivyo, na mara damu inaanza kumtoka machoni, masikioni na katika ngozi. Oskar anashtuka na kupiga kelele kwamba anamruhusu. Kuanzia hapo mlango umefunguliwa, na haufungiki tena.

Mwisho wa hadithi ni bwawa la kuogelea. Oskar alikuwa amemrudishia Conny pigo la mti sikioni katika matembezi ya skuli kwenye barafu, na watu wazima, ambao hawakuiona miezi ya mateso, waliliona pigo hilo moja, na mama akaitwa skuli. Sasa kaka yake Conny, aitwaye Jimmy, anakuja kulipiza. Wanamtoa nje mwalimu kwa hila ya moto, wanawafukuza watoto wengine, na Jimmy anamwambia Oskar akae chini ya maji kwa dakika tatu, la sivyo atatolewa jicho. Kichwa chake kinakandamizwa majini. Mwalimu yuko nje anazima moto. Anayefika ni Eli, na tunachokiona kutoka chini ya maji ni viungo vya watoto vikizama. Mmoja tu anabaki hai, ameketi pembezoni analia. Kisha tunamwona Oskar ndani ya treni mchana, na mbele yake sanduku kubwa ambalo ndani yake Eli anagonga taratibu.

Watazamaji wengi hushangilia hapo. Sisi tunasema wasiharakishe. Mwanzoni mwa senema Eli alikuwa akiishi na mtu mzima mmoja, Håkan, ambaye kazi yake ilikuwa kuua watu na kumletea damu, na ambaye mwisho alijimwagia tindikali usoni ili asitambulikane. Senema haisemi alianzaje. Lakini watazamaji wengi makini wamelitazama sanduku lile katika treni wakajiuliza kama Håkan naye zamani hakuwa mtoto mpweke aliyemkaribisha mgeni wa kwanza kubisha hodi. Oskar ameokolewa na Conny. Hajaokolewa na upanga alioupokea. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na anayetapatapa haulizi mkono anaoushika ni wa nani.

Hilo ndilo jambo tunalotaka viongozi wetu walizingatie. Mumiani wa kwanza katika senema hii si Eli. Unyonyaji ulianza kabla hajahamia jirani: ulianza skulini, saa za mchana, chini ya macho ya watu wanaolipwa mshahara kuwatazama watoto. Wageni wanaobisha hodi kwa mtoto mnyonge wa leo wapo wa kila namna, na si lazima wawe na meno ya kunyonyea damu. Yuko muuza unga anayemwita ndugu. Yuko mkubwa wa genge anayemwahidi kwamba hakuna atakayemgusa tena. Yuko mtu mzima mwenye nia chafu ambaye ndiye pekee anayemsikiliza. Wote hao hungoja kukaribishwa, na mtoto aliyetelekezwa huwakaribisha.

Kuna jambo jingine ambalo Waswidi wenyewe hawawezi kuliangalia katika senema hii bila ya kuona haya. Mwaka 1979 nchi yao ilikuwa ya kwanza duniani kupiga marufuku kwa sheria adhabu ya viboko kwa mtoto, hata ikitolewa na mzazi nyumbani kwake. Katika skuli zao viboko vilikuwa vimekwisha ondolewa kabla ya hapo. Basi Oskar anapigwa fimbo miaka michache tu baada ya sheria hiyo njema. Bakora ya mwalimu ilikuwa imeondoka, lakini ufito wa mwanafunzi ulikuwa ungali mkononi. Hatusemi hivi ili kuitetea bakora. Skuli ambayo mkubwa humpiga mdogo kila asubuhi mbele ya darasa huwafundisha akina Conny kazi yao bila ya malipo. Tunachosema ni kwamba sheria huondoa fimbo katika mkono uliotajwa na sheria, na kwamba mikono mingine inataka kuangaliwa na watu, siku baada ya siku.

Na kwa haki ni lazima tuseme kwamba watu wa nchi za kaskazini waliliangalia jambo hili mapema. Mwaka 1969 tabibu mmoja wa Uswidi, Peter-Paul Heinemann, alianza kuandika magazetini juu ya watoto wanaomshambulia mwenzao kwa kundi, na neno alilolitumia likaenea nchi nzima. Katika miaka ya 1970 Dan Olweus, mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi yake Bergen, Norwei, alianza kuuchunguza uonevu wa skulini kwa njia za kitaalamu. Akaupambanua na ugomvi wa kawaida kwa alama tatu: kwamba umekusudiwa, kwamba hurudiwa tena na tena, na kwamba anayetendewa hana nguvu sawa na anayetenda. Watoto wawili wanaogombania mpira hawaonei. Watatu wanaomngoja mmoja kila siku njiani wanaonea.

Mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu wa kaskazini ya Norwei walijitoa roho, na uonevu wa wenzao ukaonekana kuwa miongoni mwa sababu. Mwaka uliofuata Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ilianzisha kampeni ya taifa zima. Katika mji wa Bergen Olweus alifuatilia wanafunzi wapatao 2,500 kwa miaka miwili na nusu, na akaripoti kwamba uonevu ulipungua kwa kiasi cha nusu. Njia zilizotumika hazikuwa za ajabu. Wanafunzi waliulizwa kwa karatasi zisizoandikwa jina. Walimu walisimamia mapumziko badala ya kubaki ofisini. Kila darasa lilikuwa na kanuni zilizo wazi na mikutano ya kuzizungumza. Mwoneaji aliitwa na kuambiwa waziwazi, mwonewa alihakikishiwa ulinzi, na wazazi wa pande zote mbili walihusishwa. Baadaye Finland, kwa mpango wa KiVa ulioandaliwa na Chuo Kikuu cha Turku, ikatilia mkazo fungu la tatu, yaani wale wanaosimama wakatazama. Kwani mwoneaji hutaka watazamaji, na wakimpa kisogo nguvu zake hupungua.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni matatizo ya Wazungu, na kwamba sisi tuna jamaa, tuna majirani, tuna misikiti na vyuo, na mtoto wetu hawi mpweke. Tunaitambua hazina hiyo na tunajivunia. Lakini shirika la UNESCO lilieleza mwaka 2019, baada ya kukusanya takwimu za nchi nyingi za mabara yote, kwamba takriban mwanafunzi mmoja katika kila watatu alikuwa ameonewa na wenziwe katika mwezi mmoja uliotangulia. Idadi hiyo si ya theluji peke yake. Na lugha yetu wenyewe inatushuhudia: tusingekuwa na msemo wa mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, kama wazee wetu hawakuwaona wanyonge wakinyongwa.

Wapo pia watakaosema kuwa hiyo ni michezo ya watoto, na kwamba kuonewa humkomaza mtu. Tunawajibu kwamba dini iliyotulea imemkataza mwenye nguvu kumdhulumu yatima, na haikusema dhuluma hiyo itamkomaza. Siasa iliyotulea nayo ilisimama juu ya kukataa uonevu wa mtu kwa mtu. Haitakuwa sawa kuukataa uonevu wa mkoloni na wa bwana, kisha tukauita mchezo unapotendeka nyuma ya choo cha skuli.

Visiwani hapa mlango wa skuli ulifunguliwa kwa kila mtoto elimu ilipotangazwa kuwa bila ya malipo tarehe 23 Septemba, 1964. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Zanzibar ikatunga Sheria ya Mtoto mwaka 2011. Kwa hiyo msingi upo. Lakini mtoto akiingia kwa mlango ulio wazi akakuta ndani yake anangojwa na Conny, mlango huo kwake ni mtego, na ataanza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Wazee watamlaumu kwa uvivu, na mwalimu atamwandika mtoro.

Tunapendekeza, kwa hiyo, mambo ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Kila skuli imteue mwalimu mmoja au wawili wanaoaminika na watoto, na kila mtoto awajue kwa majina. Wanafunzi waulizwe, angalau mara moja kila muhula, kwa karatasi zisizo na jina, wapi wanaogopa kupita na saa ngapi. Majibu yakionyesha vyooni, katika foleni ya maji au kituo cha daladala, basi hapo ndipo mtu mzima asimame. Mwoneaji asipigwe mbele ya wenziwe na kisha kuachiwa, bali aitwe, wazazi wake waitwe, na afuatiliwe kwa wiki na miezi, maana naye aghalabu ana Jimmy wake nyumbani. Kamati za skuli na masheha walipe suala hili nafasi katika mikutano yao, na walimu wa vyuo vya Kurani wasiachwe nje, kwani watoto ni wale wale na njia wanazopita ni zile zile.

Kwa wazazi tuna neno moja. Mtoto akisema ameanguka, asiulizwe mara moja. Aulizwe jioni, aulizwe na kesho yake, kwa upole, bila ya kutishiwa na bila ya kuchekwa. Hodi yetu ni mara tatu, na mlango wa moyo wa mtoto haustahiki chini ya hapo. Tukiita mapema, tukaita kwa sauti anayoijua, atatuambia karibu sisi. Tukichelewa, yuko mwengine nje ya dirisha, naye ana subira kuliko sisi.